Lifti za Laurel

Kwetu, ukiwa na gari ukampita mtu unayemjua akitembea barabarani bila kumbeba, habari hufika kijijini kabla yako. Desturi hiyo tulihama nayo hadi Laurel, huku ughaibuni, na nusura initoe kazini.

Nilikuwa nikimtunza mzee aliyepooza. Asubuhi moja nikimwinua kitandani nilisikia kitu kikikatika kiunoni, na kwa majuma mawili sikuweza hata kufunga viatu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema nitembee dakika arobaini kila siku bila kusimama, nisikae garini ila kwa lazima, naye atanipima baada ya wiki sita. Nikishindwa, mzee angepewa mtunzaji mwingine. Nilimpenda yule mzee, na kazi nyingine sikuwa nayo.

Basi nikatembea. Lakini Laurel nani anatembea? Sijamaliza dakika kumi, breki hizo! Leo shemasi, kesho jirani wa zamani, keshokutwa mama wa kanisani aliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na sanduku moja na sweta nyepesi.

"Ingia, mwanangu. Gari yako ime-break down tena?"

Ningemkatalia vipi? Kukataa lifti ya mkubwa ni kiburi. Na kusema mgongo umeumia ni kutangazwa kwenye maombi Jumapili nzima. Nikaingia. Niliingia kila siku, mjinga mimi, nikajikunja kitini huku kiuno kikichoma kama pasi.

Wiki ya tatu, kwenye ukaguzi wa katikati, mtaalamu aliniuliza kama natembea. Nikasema ndiyo, arobaini kamili. Aliniinamisha, akaninyoosha, akakunja uso.

"Kama unatembea na bado uko hivi," alisema, "sitaweza kutia sahihi urudi kuinua mtu."

Uongo ulikuwa wangu mwenyewe, na zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Kesho yake mama alisimama tena, akanyoosha mkono na kunifungulia mlango. Sikuingia.

"Leo hapana, mama."

"Kwani nimekukosea?"

"Hujanikosea. Mgongo umeharibika, na dawa yake ni kutembea. Kila mkinibeba mnanimaliza!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Magari nyuma yake yakaanza kupiga honi. Alinitazama, machozi yakamlengalenga, kisha akavuta mlango taratibu na kuondoka. Nilijua nimempoteza. Nilitembea nikilia, lakini arobaini nilizimaliza.

Asubuhi iliyofuata gari la shemasi lilinipita. Likapita la jirani. Likapita la mama mwenyewe, kakaza macho mbele. Kila mmoja alipunguza mwendo, akapiga honi mara moja, akaenda zake. Kumbe mama alikuwa amewapigia wote simu, akawakataza kunibeba. Ikawa hivyo wiki tatu mfululizo.

Sahihi niliipata, na mzee wangu nikarudi kumwinua. Lakini kinachonirudia mpaka leo ni siku ya mwisho kabla ya kipimo. Mvua ya baridi ilinikuta dakika ya thelathini, viatu vimejaa maji, mgongo ukivuta, na kwa mbali nikaliona gari la mama likija. Nilimwomba Mungu mama asimame. Alipiga honi. Mbele yangu kidogo taa nyekundu za breki ziliwaka, zikakaa, kisha zikazimika, akaenda.