Mama Akinyi, Umekufa?

Nikisikia mtu anatwanga, hata kama ni mahindi ya makande tu kwa jirani, pua yangu inajaa vumbi la mawe. Vumbi la kijiji chetu, Kemambo, la wakati ule dhahabu ilipopatikana karibu na mashamba yetu na watu wakatupa majembe. Wanaume walishuka kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Akina mama walibaki juu, chini ya turubai, wakiponda mawe kwenye vinu vya chuma.

Siku moja Mama alirudi kinuni akiwa ametoka kuugua malaria. Msimamizi alimwambia wazi: kiroba chake cha mawe kisipokwisha kabla ya jua kuzama, kinu anapewa mwingine. Mimi nilikuwa darasa la pili, nampelekea maji. Niliona anavyouinua mchi kwa shida.

Wenzake hawakumwonea huruma hata kidogo. Aliyeanza ni Mama Akinyi, jirani yetu aliyeolewa kutoka upande wa Kenya.

"Mama Robi, unaponda hilo jiwe ama unalibembeleza?"

"Lifunike kanga, lilale!" mwingine akadakia.

Wakacheka, na michi yao ikacheka nao, du, du, du. Niliwachukia wote. Hasa Mama Akinyi, ambaye juzi yake tu alikula ugali kwetu.

Akapita mzee muuza chai, mtu mpole. "Nyie akina mama, mwacheni mgonjwa wa watu!"

"Shikamoo, mzee," wakasema, wakanyamaza.

Nilimshukuru moyoni. Lakini mchi wa Mama ukaanza kuchelewa. Ukachelewa tena. Ukasimama. Akafuta jasho, akasema bila kuinua macho:

"Mama Akinyi, umekufa?"

"Nife nikuache na nani, mvivu wewe? Inua!"

Akainua. Kiroba kikaisha jua likiwa bado linaonekana.

Mwaka jana mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni "cheer on". Alisema ni kumshangilia mtu akiwa bado katikati ya kazi, wakati anaweza kuacha. Aliyekwisha kushinda unampigia makofi tu. Akaomba mifano. Wenzangu wakataja mpira, wakataja mbio. Mimi na aibu zangu, mkono haukuinuka. Mfano wangu nawapa ninyi.

Jioni hiyo nyumbani, Mama alikuwa anachambua maharage. Nikamuuliza kama maneno ya wenzake siku ile ya kinuni hayakumuumiza.

"Niliumia waliponyamaza," akasema. "Nilidhani wamenikatia tamaa."