Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bibi harusi mpya hapa Mururu, maziwa yalipokataa kuganda mikononi mwangu.

Nilikulia Bukavu. Mume wangu alinileta kwa mama yake, Maman Espérance, aliyefundisha sayansi shuleni na kutengeneza jibini nyumbani. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alinikabidhi chupa ya dawa ya kugandisha, ile inayotoka tumboni mwa ndama. Nikaitia katika sufuria ya maziwa vuguvugu, nikakoroga kama alivyonionyesha, nikangoja. Tulipofunua, maziwa yalikuwa yakicheza kama maji.

Tantine Verediana, shangazi wa mume wangu, akapiga makofi.

"Nilibaambia! Batoto ba Bukavu banajua soko, habajui ng'ombe. Huyu mukono wake umekufa!"

Wanawake waliokuwa wakichambua maharage wakacheka. Nikainamisha kichwa. Nilijua kwamba neno kama hilo likitoka uani hufika kanisani kabla ya Jumapili, na kwamba ningeishi nalo miaka yote ya ndoa yangu.

Maman Espérance akainuka. Alikamua ng'ombe wetu, akajaza kikombe, akanipa chupa ileile.

"Tia, binti yangu. Mukono uleule."

Nikatia huku nikisali kimoyomoyo. Baada ya muda kikombe kiliganda, laini kama ini.

"Basi mukono ni muzima, na dawa ni nzima," akasema. Kisha akaonja maziwa ya sufuria, akakunja uso. "Yanafanana na sabuni. Ni ya nani?"

Yalikuwa ya jirani yetu, Mzee Silas. Alipoitwa, alishangaa kuulizwa.

"Niliweka magadi kidogo, Maman. Kule Bweyeye nilikotoka njia ni ndefu, bila magadi maziwa yanachacha mbele ya kufika. Nilitaka kukuletea mazuri."

Ndipo nilipomsikia mama yule akifundisha, na hadi leo namshukuru Mungu kwa ajili yake. Alisema kwamba ndani ya dawa mna kimeng'enya, na hicho ndicho kinachogandisha. Kila kimeng'enya kina kiasi chake cha uchachu kinachokifaa. Hiki hufanya kazi vizuri maziwa yakielekea uchachu kidogo. Magadi yakizidi, kinalegea, hata kuharibika. Kile cha tumboni mwetu kinataka uchachu mkali. Chakula kikishuka kwenye utumbo, vingine hukipokea, navyo vinataka uchachu umepozwa.

"Mungu hakuviumba vyote vikae pamoja," akasema. "Kila kimoja alikitafutia nyumba."

"Kumbe tumbo langu limesoma kunipita!" akasema Tantine Verediana, na safari hii tulicheka sote.

Maman Espérance akamimina maziwa ya mgando, yaliyo machachu, ndani ya sufuria, kidogo kidogo, akionja, mpaka ladha ya sabuni ikapotea. Akapasha moto taratibu, kisha akanipa chupa tena mbele ya wote, kwa sababu dawa niliyotia mwanzoni ilikuwa imeharibiwa na magadi. Maziwa yakaganda. Si imara kama yale ya kikombe, lakini kisu kilipita na kuacha alama. Tantine mwenyewe akaja kunishikia kitambaa cha kuchujia.

Mzee Silas hakuaibishwa. Aliambiwa tu alete maziwa mapema, bila kitu ndani yake, akapewa kipande cha jibini aende nacho.

Mwanangu, mtu akishindwa kazi, usianze kwa kuhukumu mkono wake. Chunguza kwanza alimowekwa, kwa kuwa hata kipawa cha Mungu hulala kikitiwa pasipokifaa. Na aliyekosea kwa nia njema, mfundishe kwa upole, ili kesho asiogope kukuambia ukweli.

Bwana akuweke mahali ambapo kipawa chako kitaamka, akupe subira ya kuuliza kabla ya kusema, na nyumba yako isikose mtu wa kumtetea mgeni. Amina.