Usukani wa Mama Tangi

Shangazi yangu anauza maji. Mtaa mzima unamwita Mama Tangi, maana pikapu yake inavuta tela lenye tangi kubwa la plastiki. Sasa msimamizi wa ujenzi kule mlimani akamwambia kavukavu, vibarua wanasikia:

"Mama, gari lako linapanda pua juu kama linaringa. Tairi za mbele zinagusa barabara kwa kubahatisha. Lirekebishe, la sivyo hapa huingii tena."

Na maji ya pale ndo mkate wake. Tukaenda duka la vipuri.

Muuzaji akatumwagia vyuma mezani mpaka kichwa kikanizunguka. Eti kuna kiungio cha tela cha kawaida, halafu kuna hiki chenye fito mbili za springi, zinabana gari na tela, uzito ulioukalia mkia wa gari unasukumwa mpaka tairi za mbele. Fito zenyewe nyembamba, za kati, nene.

"Tupe nene tumalizane," nikasema.

"Nene zitawatikisa mpaka meno. Ulimi wa tela unakandamiza kilo ngapi?"

"Tela lina tani na kitu."

"Sijauliza tela, kijana. Nimeuliza ulimi, pale linaposhikana na gari."

Nikampandishia sauti. Kwani ulimi si wa tela hilohilo? Shangazi akanivuta shati. "Punguza moto wewe. Twende tukapime."

Tukaazima mizani ya magunia kwa muuza nafaka, tukaukalisha ulimi juu yake. Mwepesi tu. Tukarudi dukani vifua mbele.

"Tangi lilikuwa na maji?" muuzaji akauliza.

"Ningeenda na maji yote yale dukani kwa watu?" shangazi akasema.

"Kwani mlimani unapeleka tangi tupu, mama?"

Tukajaza, tukapima upya. Mshale ukagonga mwisho ukagoma. Muuzaji akaja mwenyewe, akalizunguka tela, akacheka. "Nani kalifunga tangi huku mbele? Uzito wote umeukalia ulimi."

"Mimi," shangazi akasema. "Nataka nione mfuniko kwenye kioo. Maji yakiruka nijue."

Basi tulisogeze nyuma. Tukayafungulia maji, nikalisukuma mpaka mwisho, muuzaji akanizuia: likienda nyuma sana tela linayumba barabarani. Mbele kosa, nyuma kosa. Nikarusha spana chini. Shangazi akaiokota, akanirudishia mkononi. Tukalisogeza kidogo, tukajaza, tukapima, mshale ukakubali kusimama. Muuzaji akasema fito za kati, nikazifunga.

Tukapanda mlima na maji. Pua imeshuka vizuri, mimi nimeanza kupiga mluzi. Katikati ya mlima shangazi akafunga breki.

"Umefunga nini wewe? Usukani mzito."

Nikashuka, nikalala chini ya gari, nikagusa kila nati. Hakuna kilicholegea. Nikampigia muuzaji, nikaweka spika, nikamfokea.

"Huo ndo usukani wenyewe," akasema. "Mlizoea gari linaloelea."

Shangazi akaitazama simu. "Miaka yote hii?"

Getini msimamizi akachuchumaa, akaziangalia tairi za mbele, akafungua geti. Nikadhani mama wa watu atafurahi. Wapi. Maji yanateremka kwenye pipa, yeye kakaa kwenye kiti anauzungusha usukani kushoto, kulia.

"Sasa nikishuka na tangi tupu," akasema, "ulimi mwepesi, fito hizi si zitakuwa nene?"

"Mpigie tena," akasema. "Na uongee taratibu."