Pindo la Gauni la Bluu

Mitumba iliporuhusiwa ikajaa Mwembesongo kule mjini, nilimnunulia mama gauni la bluu la kuendea misa. Lilimfika vifundoni. Baada ya miaka michache likaanza kuburuzika chini. Mama akasema nguo za mitumba hutanuka zikifuliwa, akakunja pindo akalishona. Baadaye akalikunja tena. Sote tulimkubalia. Hata mgongo wake uliopinda tulisingizia mboga alizozishusha kichwani kutoka mlimani hadi mjini tangu usichana.

Siku moja alijikwaa uani, akaanguka kidogo tu, nyonga ikavunjika. Daktari akauliza kama alikuwa amepungua kimo. Tukatazamana. Akaeleza kwamba hedhi ikikoma mifupa ya mwanamke huanza kudhoofika, na asiyepata maziwa wala dagaa huumia zaidi. Nilikasirika nusura nitoke nje. Mbuzi wa maziwa tulikuwa nao, ila maziwa yote yaliuzwa mjini, mama akabaki na chai ya rangi.

Hakutembea tena. Gauni nililirithi mimi, na kwa pindo lile lilinifika katikati ya muundi. Leo, baada ya miaka mingi, nimelivaa na pindo lilelile, limefika vifundoni. Binti yangu amelitazama, akasema nguo za mitumba hutanuka.