Airisi Yenye Ukingo wa Zambarau

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mama mkwe wangu alinikuta na jembe mkononi, nang'oa kazi yangu mwenyewe ya miaka mitatu. Wewe unayeniona leo natembea kifua mbele kwenye matuta haya ya Lushoto, siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama mkwe alikuwa na airisi ya pekee: ua jeupe, kingo zake zote zambarau, utadhani zimetariziwa. Zuri ajabu, lakini dhaifu. Kila masika mashina yalioza, na mwaka ule kilibaki kichaka kimoja tu. Kikifa, ua hilo ndiyo basi tena. Akanipa kazi mimi, mke mpya wa mwanawe, nilichanganye na airisi ya zambarau tupu, ile ngumu isiyojali mvua. Nikachukua chavua kwa kidole, nikapaka, nikapata mbegu, nikaotesha. Na mdomo wangu huu, nilikuwa nimeshawatangazia majirani wote.

Basi, miche ikachanua zambarau. Yote! Hata mmoja haukuwa na weupe, na kile kichaka cha mama kilikuwa kimeshaoza. Nililia kwa hasira. Halafu nikafanya kama tunavyofanya na kabichi: mche usiofanana na mbegu yake unang'olewa, unapelekewa mbuzi. Nilikuwa nimebakiza mashina manne mama alipotokea.

Hakupaza sauti. Alinishika mkono, akasema, "Hawa wamebeba rangi ya mama yao, ila haionekani. Wachavushe wao kwa wao, usubiri wajukuu."

Nilidhani uzee umemchanganya. Akanikumbusha mbuzi wetu: dume jeusi na jike la madoa walizaa weusi watupu, madoa yakaja kutokea kwa wajukuu. Rangi moja huifunika nyingine, alisema, haiifuti. Siku hizi wataalamu wanasema ni jeni. Yeye aliyajua hayo zizini. Mama mkwe hapingwi, kwa hiyo nikafanya, huku nimenuna.

Nikasubiri miaka mitatu mingine. Wajukuu wengi walichanua zambarau, nami nikaanza kukata tamaa. Asubuhi moja mama akaniita shambani. Miche miwili ilikuwa imefunguka: nyeupe, kingo za zambarau, imesimama wima katikati ya mvua. Akanikumbatia mbele za watu, yeye ambaye hakuwa na mazoea ya kumkumbatia mtu. Maua unayoyaona yakiteremshwa Mombo kuuzwa kila msimu ni uzao wa miche hiyo, na nasema bila haya kwamba ni kazi yangu na yake.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi yako ya kwanza isipofanana na ulichokitamani, usiihukumu kwa sura. Jiulize imebeba nini ndani, kisha uipe kizazi cha pili. Na aliyekutangulia akikuzuia, nuna ukitaka, lakini msikilize. Mungu akujalie umri wa kuwaona wajukuu wa kazi yako. Na siku wakichanua, jisifu, mwanangu. Mimi nimekuruhusu.