Pazia la Ndege

Leo nimemwaga mezani boksi la picha walizozikataa wateja. Mtu akitaka kujua Mpanda ilikuwaje kabla nyumba za nyasi karibu na stesheni hazijabomolewa, asije kwangu. Mimi nilipiga picha za ndege ya abiria. Ndege ileile iliyochorwa kwenye shuka kwa rangi ya mafuta, bawa moja fupi kuliko jingine, na nyuma yake maghorofa yameegemeana kama walevi. Mbele yake amesimama kila mtu: mfugaji wa Kisukuma na redio ya kuazima, bibi harusi wa Kasokola, mwalimu aliyekunja uso utadhani ndege ni yake. Upuuzi mtupu.

Haki niseme, walitaka wenyewe, wakiniuliza: "Nyie wapiga picha, nani atume kwao picha ya ukuta wa udongo?" Lakini shuka nililitundika mimi.

Nililitundika kwenye baraza la mama mmoja muuza chai. Alinipa baraza bure, na chai juu. Yeye akikaanga maandazi nyuma ya shuka, mimi nafyatua mbele.

Asubuhi hii akaja binti yake, mtoto mgongoni. Mama yake alifariki masika.

"Baba, hatuna picha yake hata moja. Nataka huyu mjukuu aje amjue. Nikasema, mpiga picha alikaa barazani kwetu miaka mitatu, hawezi kukosa."

"Ngoja tutafute," nikamjibu, huku najua sina.

Tukapekua. Ndege, ndege, ndege.

"Kwa hiyo mama alikuwa huku nyuma siku zote?"

"Alikuwa."

Mwishoni ikatoka moja. Siku hiyo nilisahau kuweka mawe kwenye pindo, upepo ukainua shuka. Filamu iliporudi kutoka kusafishwa Tabora, mfugaji mwenye picha alinicheka mbele za watu: "Ndege gani hii ina miguu ya mwanamke?" Akaiacha. Chini ya bawa fupi kuna miguu miwili, ndala zisizofanana, na mkono umeshika birika. Uso uko nyuma ya maghorofa.

Binti akaisogeza machoni. "Ndala ya kushoto ilikuwa yangu." Akaigusa kwa kidole. "Mama alikuwa akisema, ipo siku huyu atanipiga na mimi kwenye ndege."

Sikumbuki kama aliwahi kuniomba. Huenda hakuomba. Huenda aliomba nikajifanya sijasikia. Ningependa kuandika la kwanza, ila sina uhakika, na nimeshadanganya vya kutosha kwa kamera.

Nikamwambia tuikate, nikuze miguu na birika tu.

"Usikate. Acha na ndege yake." Kisha akataka apigwe yeye na mtoto, wameishika picha ile, mbele ya shuka lilelile.

"Mwanangu, shuka lenyewe limechakaa. Simama pale barabarani, penye mwanga."

"Tundika, baba."

Nikatundika barazani kwangu. Nikaweka mawe kwenye pindo, moja moja. Kabla ya kufyatua nikazunguka nyuma kuangalia. Hapakuwa na mtu, ila ukuta mpya wa matofali ya kuchoma.