Benchi Ambalo Mama Julienne Aliligeuza Kuni

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Kampemba, katika mji wa migodi, Mama Julienne Mwaba anakoroga munkoyo ndani ya ndoo. Anaonja, anakunja uso. "Bado. Iko inataka jua kidogo," anasema, kisha anacheka peke yake.

Kinywaji hiki cha mahindi na mizizi anakiuza nyuma ya nyumba yake mwaka wa ishirini na sita sasa. Zamani alimaliza lita themanini kwa siku. Leo akifikisha thelathini, anamshukuru Mungu.

Na enzi hizo, jamani, hakuna aliyekibeba kwenda nacho! Wateja walikaa benchi moja, kopo moja la bluu likizunguka mkono kwa mkono.

"Balikuwa banakunywa, banagombana juu ya mupira, banasahau hata bibi zao ku nyumba," anakumbuka.

Machi 2020 ikaja hali ya dharura ya korona. Baa, migahawa, vilabu, vyote vikaamriwa vifungwe. Naye akafunga. Mwezi wa tatu wa kufungwa, makaa yakamwishia, na watoto wanataka uji. Akachukua shoka, akalipasua benchi.

"Uji uliiva. Miye nililia," anasema. "Sheria ilifunga mulango, lakini benchi nilichoma mi mwenyewe."

Baada ya miezi minne ruhusa ikatoka. Wateja wakarudi, wakakuta hakuna pa kukaa. Wakaja na chupa, wakajaziwa, wakaenda zao. Wamezoea hivyo hadi leo.

"Chupa inaleta franga, lakini haiongee. Nina hamu na kelele yao."

Ukutani yangalipo madoa manne yanayong'aa, pale migongo ilipoegemea. Juzi Mama aliagiza benchi jipya; seremala Idriss alitaka kulitengeneza fupi, maana mbao zimepanda bei. Mama akamvuta hadi ukutani. "Pima apa, mupaka kwa Papa Adalbert."

Doa la mwisho ni la Papa Adalbert, mstaafu wa reli. Ndiye huyu anayeingia na chupa yake. Mama anaijaza nusu tu, anafunga kizibo.

"Mama Julienne, unaniiba?"

"Nusu ingine utakunywa apa, Papa. Benchi inafika siku ya posho." Ndivyo Jumamosi inavyoitwa hapa, tangu enzi za mgao wa chakula migodini.

Mzee anagusa doa lake ukutani.

"Kopo ya bluu ingali?"

"Ingali, Papa."

"Basi usimupe mutu fasi yangu."